Mtaka umri wa kochi la zamani sharti ainame

FUNDI wa makochi akiletewa kiti cha zamani, kitu cha kwanza anachoshika ni koleo. Anang'oa misumari, ananyofoa kitambaa, anamwaga chini kila kilichojazwa ndani na kukifagilia kwenye moto wa taka. Ikifika saa sita mchana kiti kimebaki mbao tupu. Jioni kimevikwa sponji mpya na kitambaa cha maua, na kesho yake kimepangwa kando ya barabara pamoja na makochi mengine yaliyotengenezwa wiki hiyo hiyo, kwa bei ile ile.

Hivyo ndivyo viti vingi vikongwe vinavyoishia Dodoma na katika wilaya zake. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa anayetoa kiti cha marehemu babu yake mwezi Februari, wakati ghala limekauka na mahindi mapya bado yako shambani, hupewa bei isiyozidi sana ya kuni nzuri. Mchuuzi anayekinunua hurudisha nauli na kubaki na kidogo. Fundi hupata ujira wake. Thamani ya ziada ambayo wote watatu wangeweza kugawana imeungua pamoja na singa za farasi zilizokuwa ndani ya kikalio.

Si kwamba kila kochi kuukuu ni mali. Mengi ni makuukuu tu, na anayeyasifu kupita kiasi atakaa nayo bandani hadi mchwa wayamalize. Lakini kutenganisha lile la kuvalishwa upya na lile la kutunzwa kama lilivyo hakuhitaji elimu ya chuo. Kunahitaji tochi, rula, bisibisi na nusu saa ya kuinama, na kazi hiyo hufanyika kabla koleo halijaguswa.

Vilifikaje Dodoma

Kiti chenye springi na kitambaa si samani ya asili ya Ugogo. Wenyeji walikalia vigoda vilivyochongwa kutoka kipande kimoja cha mti, au ngozi. Viti vya kuvalishwa vililetwa na watu waliotoka mbali, na kwa kuwa miaka ya ujio wao inajulikana, miaka hiyo ndiyo kalenda ya kwanza ya mnunuzi.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mizigo ya bara ilibebwa kichwani na wapagazi, na hakuna ofisa aliyekuwa na haraka ya kumtwisha mpagazi kochi la springi kutoka pwani hadi Mpwapwa au Kilimatinde. Waliosafiri walibeba viti vya kukunja. Kwa hiyo, kochi zito la kabla ya 1910 likionekana Dodoma, yaelekea lilitengenezwa mapema huko Ulaya au India na kuletwa baadaye kwa treni.

Wajerumani nao hawakukaa sana baada ya treni kufika. Julai 1916 Dodoma ilitwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza, na baada ya vita mali za Wajerumani zilichukuliwa kama mali za adui na kuuzwa. Muda wao wa kujaza nyumba za Dodoma samani ulikuwa miaka 6 tu. Hili ni vizuri wachuuzi walikumbuke, maana mikoa ya kati ina ugonjwa wa kuita kila kitu kizito "cha Mjerumani", kuanzia jiwe, sanduku, hadi kochi. Vya Mjerumani vipo, lakini ni vichache sana kuliko vinavyotajwa sokoni.

Walio wengi ni viti vya enzi ya Waingereza: vya ofisi za serikali, vya reli, vya misheni, na vya wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia wa Uhindini waliopenda makochi makubwa ya sebuleni. Kisha likaja kundi la Kongwa. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza huko mwaka 1947, ukakabidhiwa shirika la Overseas Food Corporation mwaka 1948, na ukasitishwa Januari 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa kwa sababu ya ukame na udongo mgumu, lakini wazungu waliokuja kuzisimamia walikuja na familia na nyumba zao zilihitaji viti. Hata shule ya watoto wao ilikuwako Kongwa, ikafungwa mwaka 1958. Mtu aliyepata kiti Kongwa ambacho wazee wanasema "kilitoka kwa wazungu wa karanga" ana mahali pa kuanzia, ingawa bado hana ushahidi.

Pindua kiti

Ushahidi upo uvunguni. Kitambaa cha juu hakisemi lolote, maana kochi linalotumika hubadilishwa nguo kila baada ya miaka kadhaa, kama mtu. Kuna viti vya miaka ya 1920 vilivyovikwa ngozi bandia ya miaka ya 1980, na kuna makochi ya juzi yaliyovikwa mahameli yenye vifungo ili yaonekane ya kifalme.

Laza kiti juu ya mkeka au godoro, miguu iangalie juu. Kama uvungu umefunikwa kwa kitambaa chepesi cheusi, fungua upande mmoja tu, taratibu, na utazame ndani kwa tochi. Angalia kwanza kilichokishikilia kitambaa. Misumari midogo yenye kichwa kipana na ncha kali imetumika kwa miaka mingi na mafundi wengine wanaitumia hadi leo, hivyo yenyewe haithibitishi uzee. Pini za stepla, hata hivyo, ni za karibuni. Bastola za kupigia pini zilienea kwenye kazi ya makochi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukikuta pini tupu, na mbao hazina matundu ya zamani ya misumari, kochi hilo si la enzi ya Mjerumani hata kama muuzaji ataapa. Ukikuta pini, na chini yake mbao zimejaa matundu madogo yaliyosongamana kama zimepigwa na mvua ya mawe, kiti kimevalishwa mara nyingi na ni cha kuchunguzwa zaidi.

Skrubu ni shahidi mzuri kuliko msumari. Zenye mfereji mmoja wa bisibisi bapa ni za tangu zamani. Zenye kichwa cha nyota zilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1936 na zikachukua muda kuenea. Hapa ndipo kuna kanuni ambayo mnunuzi akiishika hatadanganywa kirahisi: kiti hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kipya zaidi, isipokuwa kama kipande hicho kimewekwa wakati wa matengenezo. Skrubu moja ya nyota kwenye mguu mmoja ni matengenezo. Skrubu za nyota kwenye miguu yote minne, kwenye pembe zote za fremu, bila tundu la ziada pembeni, ndivyo kiti kilivyozaliwa.

Tazama pia mbao zisizoonekana, yaani zile za ndani ambazo fundi hakuona sababu ya kuzilainisha. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka lakini isiyolingana. Msumeno wa mashine wa duara huacha mistari iliyopinda kama sehemu ya duara kubwa. Mistari hiyo ya duara peke yake haina maana kuwa kiti ni kipya, kwa sababu viwanda vya Ulaya vilikuwa na mashine hizo tangu karne ya 19. Plaiwudi kwenye egemeo au chini ya kikalio kwa kawaida inakuleta karne ya 20. Mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi zinakuleta baada ya Vita vya Pili.

Springi na vilivyojazwa

Ndani ya kikalio ndipo penye mambo mengi, na ndipo mafundi wanapoharibu zaidi.

Springi za mviringo, zile nene juu na chini na nyembamba kiunoni, zilianza kuingizwa kwenye viti huko Ulaya katika miaka ya 1820, na kufikia katikati ya karne ya 19 zilikuwa za kawaida. Katika kazi ya zamani springi hizo hushonwa juu ya mikanda ya juti iliyosukwa kama mkeka, kisha kila moja hufungwa kwa kamba na jirani yake, mbele na nyuma, kulia na kushoto, wakati mwingine hata pembe kwa pembe. Fundi aliyefunga springi 9 kwa kamba za pande 8 alitumia siku nzima kwa kikalio kimoja. Hakuna anayelipia siku hiyo leo kwenye kochi la kawaida, na ndiyo maana kazi hiyo ikiwa bado nzima inafaa iachwe kama ilivyo.

Springi bapa zilizokunjwakunjwa kama nyoka, zinazopigiliwa kutoka mbele hadi nyuma, zilianza kuenea katika miaka ya 1930 na hasa baada ya vita. Springi ndefu nyembamba zinazonyoshwa kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, chini ya mto unaotolewa, zilipata umaarufu nchini Uingereza katika miaka hiyo ya 1930 kupitia viti vya Parker-Knoll. Mikanda ya mpira ni ya baada ya vita. Mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye matairi ya magari ni ubunifu wetu wenyewe, na haina tarehe. Fundi yeyote anaweza kuwa aliiweka mwaka wowote ambao springi zilikosekana madukani.

Kuhusu vilivyojazwa, chukua kijinyuzi kimoja ukichome kwa kiberiti mbali na kiti. Singa za farasi hujikunja na kunuka kama nywele za mtu zinapoungua. Nyuzi za makumbi ya nazi na za katani huungua kama karatasi au jani kavu na kuacha majivu. Singa ndizo zilikuwa ujazo wa bei ya juu katika viti vya Ulaya. Makumbi na nyuzi nyingine za mimea zilikuwa za bei nafuu, na mara nyingi huwekwa chini huku singa zikiwa juu. Pamba na sufi navyo vilitumika sana katika mito. Mto wa sufi hutambulika kwa wepesi wake na jinsi unavyobaki na shimo ukishautoka. Mkulima aliyekulia penye msufi haitaji kuelezwa.

Sponji ndiyo mpaka mkubwa. Sponji ya mpira halisi wa mti ilianza kutengenezwa na kampuni ya Dunlop mwaka 1929. Ikizeeka huwa ngumu, hupasuka na kugeuka unga wa rangi ya kahawia. Sponji hii ya magodoro tunayoifahamu, ambayo ni plastiki, iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 lakini haikuenea kwenye samani hadi katikati ya miaka ya 1950. Kwa hiyo kochi ambalo kikalio chake kilibuniwa tangu mwanzo kupokea sponji, bila springi, bila nafasi ya springi, bila matundu ya mikanda, ni la miaka ya 1950 au baadaye. Lakini kochi lenye sponji juu ya springi zilizofungwa kwa kamba ni la zamani lililofutiwa vumbi na fundi asiyekuwa na singa.

Mbao zinasema lilitengenezwa wapi

Viti vilivyotoka Ulaya vilitumia zaidi mwaloni, mbao ya mjozi na ile mbao nyeupe ya biichi ambayo wadudu watobozi huipenda kuliko nyingine. Fremu ya ndani, isiyoonekana, mara nyingi ni biichi. Mafundi wa hapa, wakiwamo wa serikali na misheni, walitumia mninga, mvule na mkangazi. Mninga ni mzito wa wastani, rangi ya asali hadi wekundu wa kahawia, na mchwa hauupendi. Kwa hiyo kiti cha umbo la Kiingereza kilichotengenezwa kwa mninga ni kiti cha Tanganyika, na wapo wanunuzi wanaokitafuta kwa sababu hiyo hiyo.

Fremu ya msindano ni habari nyingine. Mashamba ya Sao Hill kule Mufindi yalipanuliwa sana baada ya Uhuru, na mbao zake laini ndizo zinazotumika katika fremu nyingi za makochi yanayouzwa leo. Msindano mweupe wenye vifundo, uliounganishwa kwa misumari tu, haustahili hadithi ndefu. Kiti cha zamani kiliunganishwa kwa ulimi na tundu, au kwa vijiti vya mviringo na gundi.

Hapa hali ya hewa ya Dodoma inaleta utata wake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja na hazifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na kiangazi ni kirefu na kikavu. Mbao iliyokaushwa Uingereza au pwani husinyaa ikifika huku, na viungo hulegea. Kiti cha miaka 15 kinaweza kucheza kama cha miaka 80. Kulegea si uzee.

Upime pia urefu. Kikalio cha kiti cha mezani kwa kawaida kiko sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni. Ukipata sentimita 38, na miguu imeishia ghafla bila umaliziaji, miguu imekatwa, pengine baada ya kuoza au kuliwa na mchwa kwenye sakafu ya udongo. Mnunuzi anayejua atapunguza bei kwa hilo, hivyo ni bora muuzaji alijue kwanza.

Mitindo inayoonekana mara nyingi

Baada ya uvungu, sasa simama utazame umbo. Mtindo peke yake hudanganya, kwa sababu kila mtindo umeigwa mara nyingi, lakini ukilingana na yaliyoonekana chini una nguvu.

Viti vya mbao ya biichi iliyopindwa kwa mvuke, vyembamba na vyepesi, asili yake ni kampuni ya Thonet ya Vienna, Austria, iliyotoa kiti chake namba 14 mwaka 1859. Vilisafirishwa vikiwa vipande, viti 36 katika sanduku la mita moja ya ujazo, na ndiyo sababu vilisambaa duniani kote hadi kwenye hoteli na baa. Hataza ya Thonet ilikwisha mwaka 1869, wengine wakaiga, kwa hiyo tafuta karatasi au mhuri upande wa ndani wa duara la kikalio. Vikalio vyake vilikuwa vya kusukwa au vya plaiwudi, na mafundi wa baadaye waliviwekea godoro dogo juu. Godoro hilo likitolewa, chini yake huenda kuna matundu ya kusukia yaliyojaa vumbi.

Kiti cha kukunja cha turubai au ngozi, chenye mikanda kwenye mikono na miguu ya mviringo inayochomekwa bila msumari wala gundi, huitwa Roorkhee, kutokana na mji wa India uliokuwa na kambi ya wahandisi wa jeshi la Uingereza. Kilianza mwishoni mwa karne ya 19 na kilitembea na maofisa na wawindaji kote Afrika Mashariki. Mchoraji wa samani wa Denmark, Kaare Klint, alikitumia kama msingi wa kiti chake cha Safari cha mwaka 1933, ambacho bado kinaheshimiwa na wakusanyaji. Hiki ndicho kiti ambacho kinatupwa zaidi, kwa sababu kikikosa turubai hubaki vijiti ambavyo mtu asiyejua huona ni mpini wa jembe.

Kochi la mbao lenye mikono bapa, egemeo la fito na mito miwili ya kutoa, ambalo lilijaa nyumba za serikali, ni mjukuu wa kiti ambacho kampuni ya William Morris ilianza kukiuza London katika miaka ya 1860. Kwa kuwa lilitengenezwa hapa kwa muongo baada ya muongo, umbo lake halitoi mwaka. Mbao, skrubu na alama ndivyo vitakavyoamua. Makochi mazito yenye mikono minene iliyoviringwa, yanayoonekana kama yamepulizwa upepo, ni ya mtindo wa miaka ya 1920 na 1930. Miguu myembamba inayochongoka chini na kutanuka nje, pamoja na mikono kama mbawa, ni ya miaka ya 1950 na 1960, kwa kuiga nchi za Skandinavia.

Herufi tatu zenye thamani

Viti vya ofisi vilipigwa mhuri au kupakwa herufi za mwenye mali, kwa kawaida chini ya kikalio au nyuma ya mguu. Kwa mikoa iliyopitiwa na reli, herufi hizi ni kama cheti cha kuzaliwa. Reli ya Tanganyika, TR, iliendeshwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1948, ilipounganishwa na ya Kenya na Uganda kuwa EAR&H. Mwaka 1969 reli na bandari zilitenganishwa, herufi zikabaki EAR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ikaja TRC. PWD ni idara ya kazi za umma ya serikali ya kikoloni. OFC ni lile shirika la karanga. Alama ya CC41 ni ya samani za Uingereza za kipindi cha uhaba wa vita, kati ya 1942 na 1952.

Fundi anayepiga msasa kila mahali ili kiti king'ae chote hufuta herufi hizo kwa dakika moja.

Tuseme mchuuzi wa Dodoma ameletewa kochi kutoka Kongwa. Kitambaa ni ngozi bandia nyekundu iliyopasuka. Juu kuna sponji ya plastiki. Chini ya sponji kuna gunia la juti, springi 9 zilizofungwa kwa kamba, na kijinyuzi kinachonuka nywele kikichomwa. Fremu ni mninga. Skrubu zote ni za mfereji mmoja isipokuwa mbili za nyota kwenye mguu wa nyuma. Hakuna herufi. Hapo anaweza kusema kwa uaminifu kwamba fremu na springi ni kazi ya hapa nchini, kwamba sponji na ngozi bandia ni matengenezo ya baadaye na mguu ulitengenezwa pia, na kwamba umri wake unaelekea miaka ya 1930 hadi 1950. Hawezi kusema ni cha wazungu wa karanga, maana OFC haipo. Kama alikinunua kwa Sh60,000 na kukirudishia kitambaa kizito cha pamba kwa Sh120,000 bila kugusa springi, bei ya kuuzia haipimwi tena kwa kochi la msindano la jirani, bali kwa mteja anayetaka hasa kitu hicho: mwenye hoteli ya kitalii, mkahawa, au familia inayopamba nyumba mpya. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma rasmi, wateja wa namna hiyo wameongezeka mjini kuliko zamani.

Katika biashara ya kimataifa, neno "kitu cha kale" lina kipimo: uainishaji wa forodha huweka kundi la pekee la vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Kiti kilichokuja na treni ya mwaka 1910 kimeshavuka. Cha Kongwa cha mwaka 1948 kitavuka mwaka 2048.

Kabla ya koleo, na baada yake

Piga picha pande zote, uvungu ukiwamo. Ukilazimika kufungua, hifadhi kipande cha kila tabaka la kitambaa ndani ya bahasha. Wanunuzi makini hukiomba. Weka misumari ya mapambo iliyong'olewa. Jaribu polishi mahali pasipoonekana kwa tone la spiriti: ile ya zamani ya sheleki hulainika na kunata, vanishi nyingi za kisasa hazijali. Ikinata, usipige msasa, safisha kwa kitambaa.

Singa zilizochafuka hazitupwi. Huchambuliwa kwa mkono, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, huanikwa juani na kurudishwa. Vaa kitambaa puani wakati wa kuchambua, vumbi lake ni baya. Na kabla ya kuingiza kochi lolote la zamani ndani ya nyumba au stoo, lifunge kwenye nailoni nyeusi na kulianika juani siku kadhaa, kwa sababu kunguni hawajali mtindo wala karne, na mchuuzi akishasemwa kwamba anauza kunguni hatauza tena mtaa huo.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kiti chenye herufi za serikali au za shirika la umma kinaweza kuwa kimeuzwa kihalali mnadani miaka mingi iliyopita, au kimetoka mlango wa nyuma wiki jana. Dai stakabadhi ya mnada, au angalau maandishi ya muuzaji yenye jina, tarehe na sahihi ya shahidi. Kwa vigoda vya kuchonga, hasa vya watemi, uangalifu uwe mara mbili: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kazi za kale za mikono ya wenyeji, na kuzipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mteja mgeni akitaka kuondoka na kigoda cha namna hiyo, aelekezwe kwanza Idara ya Mambo ya Kale, na fedha zisipokelewe mpaka kibali kionekane.